Mrejesho wa Zoezi la Ukurasa wa Wavuti Maana Yake Nini

Mrejesho ni jibu linalogusa mstari fulani wa msimbo, likataja kinachoharibika na kwa nini. "Iko poa, hongera" ni pongezi. Haimwachii aliyeandika kitu cha kurekebisha.

Tuseme mwanafunzi wa Majengo, Mombasa, amejipa zoezi la ukurasa wa menyu: mahamri, mbaazi, viazi karai na bei zake. Kwenye kompyuta unapendeza. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, unateleza kushoto na kulia. Mrejesho, kwa maneno ya CSS (lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa), ungekuwa hivi: "Body, yaani ukurasa mzima, umeshaiondolea margin (nafasi ya nje), sawa. Lakini kisanduku cha menyu umekipa width: 100% pamoja na padding: 20px (nafasi kati ya ukingo na maandishi). CSS isipoambiwa vingine huongeza padding nje ya upana, kwa hiyo 360 ukijumlisha 20 kila upande ni 400. Weka box-sizing: border-box, ili padding ihesabiwe ndani ya upana." Hapo mahali pametajwa, hesabu imepigwa na dawa imetolewa.

Kabla ya kumsumbua mtu, pitisha HTML (msimbo unaojenga ukurasa) kwenye kikaguzi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti: validator.w3.org. Ni bure. Hushika div (kisanduku cha HTML) isiyofungwa na picha isiyo na alt (maelezo yake kwa maneno). Kikikutolea makosa ishirini usishtuke: rekebisha la kwanza, kagua tena, kwa sababu tagi moja iliyoachwa wazi huzaa mengine. Ila kikaguzi hakina macho. Ukurasa unaosumbua kusoma kitaupitisha vilevile.

Maandishi ya kijivu #999 juu ya nyeupe, kwa mfano, yana utofauti wa mwangaza wa 2.85 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kurasa zinazosomeka na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Ndani ya chumba hutaona shida. Mpe simu mtu anayengoja feri Likoni saa saba mchana, uone atakavyoikinga kwa kiganja. Ukitumia #767676 unavuka, japo kwa kiasi kidogo tu.

Ukiomba mrejesho, peleka kiungo kinachofunguka. GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, inatosha na hailipishwi. Picha ya msimbo iliyotumwa WhatsApp haiwezi kuendeshwa. Kwenye kiungo ndipo wengi hukwama: faili inaitwa Mbaazi.JPG, msimbo unasema mbaazi.jpg. Windows haijali, lakini huko GitHub Pages herufi kubwa na ndogo ni mbalimbali, na picha haitokei. Njia ya faili inayoanza na C: nayo haifiki popote nje ya kompyuta yako.

Swali nalo liwe jembamba. "Mnaonaje?" huletea maoni ya rangi. "Kwa nini bei zinashuka chini ya jina la chakula nikifika pikseli 360? Nimejaribu flex-wrap: nowrap (amri ya kuzuia vitu kushuka mstari)" huletea jibu. Ukilipata, badilisha kitu kimoja, pakia ukurasa upya, utazame. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kilichotibu.