Kabla Hujasawazisha Sakafu, Jua Kwa Nini Imezama

Kila mwaka ifikapo Julai, banda la chuo chetu kwenye Maonesho ya Sabasaba hupata wageni wengi wenye shida moja. Masika yamekwisha, nyumba zinakauka, na mtu anakuja na simu mkononi kunionyesha picha: sakafu ya sebule imebonyea upande mmoja, meza inacheza, maji ya kudeki yanakimbilia kona ile ile. Mara nyingi jibu ameshapewa nyumbani: "Mtaalamu, fundi kasema tumwage sakafu nyingine juu ya hii. Mifuko mingapi itatosha?" Idadi ya mifuko siitaji. Namuuliza kwanza nyumba iko wapi.

Akisema Kimara, Goba au Kinyerezi hapa Dar es Salaam, nauliza tena: kiwanja kina mteremko? Huko vilimani watu hukata udongo upande wa juu na kuujaza upande wa chini ili kiwanja kilingane, kwa hiyo nusu ya nyumba inakaa juu ya ardhi ya asili na nusu juu ya kifusi. Kifusi kinatakiwa kimwagwe kwa tabaka za kama sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa vizuri kabla ya jingine kufuata. Ninachokikuta mara nyingi ni kina cha mita nzima kilichomwagwa na malori kwa siku moja, kikakanyagwa kwa miguu, na jamvi, yaani zege la sakafu, likafuata wiki hiyo hiyo. Mvua zikishapita mara mbili tatu, kifusi kinashuka chenyewe. Jamvi linabaki juu ya uwazi, halafu linafuata chini.

Dalili yake ni rahisi kuisoma. Angalia pale sakafu inapokutana na ukuta. Ukiona mwanya umefunguka chini ya ukuta na ukuta wenyewe hauna ufa, kilichozama ni sakafu tu. Msingi umeshika ardhi ngumu. Ukiona nyufa za mshazari zinaanzia kwenye kona za madirisha na milango, na milango imeanza kubana, basi hata msingi unatembea. Hilo ni jambo jingine kabisa, na hakuna saruji ya juu itakayolitibu. Kwenye udongo wa mfinyanzi mambo huweza kugeuka: udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, sakafu inanyanyuka katikati, mlango unakwaruza wakati wa masika na kufunguka vizuri mwezi wa Septemba. Mlango wa namna hiyo usikimbilie kuupiga randa.

Pima kabla ya kuamua. Huhitaji mashine. Nunua mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, mita 10 hivi, ujaze maji usiache mapovu. Shika ncha moja ukutani mlangoni, mwenzako ashike nyingine kwenye kona ya mbali. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja. Weka alama za penseli kuzunguka chumba, kisha kila baada ya mita moja pima kwa tepu kutoka kwenye alama hadi sakafuni. Ukipata sentimita 100 mlangoni na 103 kwenye kona, sakafu imeshuka sentimita 3 pale. Andika namba zote kwenye karatasi pamoja na tarehe, na upime tena baada ya miezi mitatu. Namba zikibadilika, bado inazama, na fedha utakayotumia sasa itazama nayo.

Halafu gonga sakafu kwa kipande cha nondo. Penye kujaa pana sauti nzito. Penye uwazi chini panalia kama debe tupu. Na ikiwa sehemu iliyozama iko karibu na bafu au jiko, funga bomba zote usiku, soma mita ya maji ya DAWASA, uisome tena asubuhi. Mita ikiwa imesogea wakati hakuna aliyetumia maji, bomba linavuja mahali fulani, na huenda ndilo linaloosha udongo chini ya sakafu.

Sasa turudi kwenye ushauri wa kumwaga sakafu nyingine juu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4. Tabaka la sentimita 5 la saruji na mchanga lina uzito wa zaidi ya kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba kizima ni tani moja na robo. Ni sawa na kupanga mifuko 25 ya saruji juu ya kifusi kilichokwisha kushindwa kubeba jamvi la kwanza. Naumia kila nikikuta familia iliyofanya hivyo mara mbili, sakafu imepanda hadi mlango umekatwa chini, na bado kona ile ile inashuka. Fedha za sakafu mbili zingetosha kuitengeneza mara moja.

Sakafu iliyozama kwa kifusi huvunjwa sehemu ile. Zima umeme kwanza kwenye swichi kuu, maana huwezi kujua waya umepita wapi. Toa kifusi hadi ufike kwenye udongo mgumu, kirudishe kwa tabaka, shindilia, tandika nailoni nzito ya kuzuia unyevu, kisha mwaga zege la sentimita 10 kwa kipimo cha mfuko mmoja wa saruji, mchanga mara mbili na kokoto mara nne. Kwa chumba kile chote inakwenda mifuko kama 8. Ukiambiwa 15, uliza ya kazi gani.

Kama jamvi ni zima, halilii utupu, na shida ni mabonde madogo tu, hapo kusawazisha kunafaa. Kazi hizi hushindwa kwenye maandalizi. Nyumba nyingi za zamani za Ilala na Magomeni zina sakafu nyekundu iliyosuguliwa dawa miaka nenda rudi, na saruji mpya haishiki juu ya mafuta. Paparue kwa patasi hadi uone zege lenye mikwaruzo, osha, lowesha, paka uji wa saruji, na uweke mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu kabla uji haujakauka. Kingo za kiraka zikatwe wima. Zikimalizikia na kuwa nyembamba kama karatasi zitabanduka. Kwa marumaru, rula ya mita 2 ikilazwa isiache nafasi ya zaidi ya milimita 3 chini yake. Bafuni ni tofauti: pale unataka mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Mchanga wa ufukweni mwa bahari usiutumie, hata ukipewa bure. Chumvi yake huvuta unyevu, na ndiyo mojawapo ya sababu za plasta kuchanua unga mweupe na rangi kumenyeka. Kupaka rangi juu ya unga huo ni kupoteza rangi.

Ufa unaoweza kupitisha sarafu, ufa unaokua, au tatizo lolote la nyumba ya ghorofa, mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla fundi hajashika nyundo.

Zege likishashika, lifunike kwa magunia na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Kwa jua la Dar es Salaam, mchana nao ongeza. Marumaru yasubiri angalau wiki 3 baada ya hapo, hata kama wageni wa harusi wako njiani.