Kicheko Baada ya Vita: Dhana Potofu Kuhusu Filamu ya Gori vatra

Kila ninapowaonyesha jamaa zangu hapa Kigoma filamu ya Gori vatra, iliyoongozwa na Pjer Žalica na kutoka mwaka 2003, husikia lawama ileile, kwamba kuwachekesha watu kwa habari za vita ni kuwadharau waliokufa. Lawama hiyo hunishangaza, kwa sababu wanaoitoa wamelelewa katika utani: wamewaona watani wakiingia msibani, wakajitupa kwenye mkeka wa wafiwa na kuiga sauti na mwendo wa marehemu mpaka mjane akacheka huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyesema kwamba marehemu amevunjiwa heshima. Filamu hii inafanya kazi hiyohiyo. Zaim, mkuu wa polisi mstaafu katika mji mdogo wa Tešanj nchini Bosnia, hakubali kwamba mwanawe Adnan alifia vitani, bali humwona nyumbani na kuzungumza naye. Mtazamaji huanza kwa kumcheka mlevi anayeongea peke yake, na kicheko kikiwa bado mdomoni hutambua kwamba aliyekuwa akimcheka ni mzazi anayemngoja mtoto.

Wapo pia wanaoichukua kuwa filamu ya Bill Clinton, rais wa Marekani wa wakati huo wa hadithi. Clinton ni kisingizio tu: habari za ujio wake zinaulazimisha mji kuficha magendo na madanguro, na zimamoto wa Kiislamu kushirikiana na wenzao wa Kiserbia, maadui wa jana vitani. Ziara hiyo ya Tešanj ni ya kubuni, ingawa kweli alifika Tuzla Januari 1996 na Sarajevo Desemba 1997. Aliyeona mawe ya barabarani yakipakwa chokaa kiongozi anapotarajiwa ataielewa bila mkalimani.

Dhana nzito kuliko zote ni kwamba vita huisha siku mkataba unapotiwa saini. Vita vya Bosnia vilianza mwaka 1992, na mkataba wa amani wa Dayton, uliovimaliza, ulitiwa saini Paris tarehe 14 Desemba 1995. Hadithi ya Zaim inatokea miaka miwili baadaye, na nyumbani kwake vita havijaisha. Sisi tuliowapokea Warundi mwaka 1972, na ambao mkoani kwetu kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, tulipaswa kulijua hilo mapema. Pale Kibirizi kuna mama muuza dagaa aliyevuka ziwa akiwa msichana, akapotezana na kaka yake. Hadi leo, boti ya kutoka ng'ambo ikitia nanga, huacha kupima, kopo likiwa mkononi, akawatazama wanaoshuka mmoja mmoja hadi wa mwisho, ndipo amalizie kopo la mteja.

Nilipomsimulia habari za Zaim alicheka sana, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huyo baba humwekea na chakula?"