Je, wajua kwa nini kutu ya gari hurudi palepale hata baada ya kupigwa puti na rangi?

Kama una gari ya zamani na unaishi Tanga, Mombasa, Unguja au popote upepo wa bahari unapofika, hii unaijua. Kinaanza kitu kama chunusi kwenye rangi, juu ya tairi la nyuma, unapeleka kwa fundi bodi, anakwangua, anapiga puti (ile ya kujazia na kusawazisha bati), msasa, rangi, gari inatoka inameta, alafu masika moja ikipita tu chunusi iko palepale na safari hii imekuja na wenzake. Yangu ni ya mwaka 1997 na ilinirudia mara mbili kwa staili hiyo kabla sijakaa chini nikataka kuelewa hii kitu inafanyaje kazi.

Jibu fupi ni kwamba ile chunusi sio mwanzo wa ugonjwa, ndo mwisho wake. Bati la bodi ya gari halifiki hata milimita moja, na pale juu ya tairi kuna mabati mawili yamekutanishwa, la nje unaloliona na la ndani usiloliona, na katikati yake matope yanaingia, yanakaa, hayakauki. Kutu inaanzia huko nyuma na inakula kuja nje, na ikishakula bati zima ndo inaanza kuinua rangi, maana kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo lazima isukume. Sasa fundi akikwangua upande wa mbele na kuziba, ameziba dirisha tu, moto bado unawaka ndani.

Lakini kuna kitu kingine ambacho mimi kilinishangaza zaidi. Tunajua kutu inahitaji chuma, maji na hewa, sawa, ila wengi tunadhani panapoliwa ni pale penye hewa nyingi, kumbe ni kinyume. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Ulick Richardson Evans, alionyesha hili kwa tone la maji ya chumvi tu, na unaweza kujaribu nyumbani, chukua kipande cha bati la chuma lisilo na zinki, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, dondoshea tone moja na uliache. Pembeni mwa tone hewa inafika kirahisi, katikati haifiki vizuri, na chuma kinachoyeyuka ni cha katikati. Inakuwa kama betri ndogo, chuma cha katikati kinaachia umeme, umeme unatembea ndani ya bati mpaka pembeni, huko hewa na maji vinaupokea, na kutu yenyewe inajitengeneza kama pete kati ya hizo sehemu mbili. Yaani ukiona kutu jua kidonda chenyewe kipo jirani yake, sehemu iliyofichika. Ndo maana kwenye gari panapooza haraka ni kwenye maungio, chini ya matope, chini ya kapeti iliyolowa, nyuma ya raba za vioo, sehemu ambazo hewa inapita kwa shida na maji hayatoki.

Na chumvi? Chumvi inafanya yale maji yapitishe umeme vizuri zaidi, hiyo betri inapata nguvu. Pia chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji kutoka kwenye hewa unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa pwani unavuka hapo bila shida, kwa hiyo hata siku isiyo na mvua bodi yenye vumbi la chumvi inaloa yenyewe. Wengine tunanunua gari chumvi ikiwa imeshafanya kazi huko ilikotoka, maana sehemu za Japani zenye theluji wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Kama gari ilipita mnadani huko, omba ile karatasi ya ukaguzi uangalie mchoro wa bodi, herufi S ni kutu na C ni chuma kilichoanza kulika, na namba inayofuata herufi ikiwa kubwa ndo hali mbaya zaidi.

Sasa puti. Puti inanyonya maji, na praima ya kawaida, ile rangi ya kwanza ya chini, nayo inapitisha maji. Zile gari unaziona mjini zinatembea na praima ya kijivu miezi mitatu mwenyewe akisubiri hela ya rangi, zinakunywa maji muda wote huo na rangi ikija kupigwa juu inafungia unyevu ndani. Kwa kweli hili linaniuma kila nikiliona, kwa sababu mtu ametoa hela yake na kazi imeshaharibika kabla haijaisha.

Basi ukitaka kufanya mwenyewe nyumbani, anza na bisibisi. Chokonoa pale penye chunusi bila huruma. Ikigonga chuma kigumu una bahati, ni kutu ya juu, ikizama unayo shimo hata kama hulioni. Ile ya juu unaisugua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka uone chuma cheupe, na usiishie kwenye doa, panua mpaka ukute rangi iliyoshika kweli. Vishimo vidogo vyeusi vitabaki, humo ndo chumvi inapojificha, kwa hiyo osha kwa maji safi yasiyo na chumvi, sugua, osha tena, kausha haraka, alafu paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori (vaa glavu na miwani) ambayo inageuza kutu iliyobaki kuwa kitu kisichoendelea kula. Fuata maelezo ya kwenye kopo, dawa nyingine zinataka zioshwe, nyingine hapana. Baada ya hapo ni praima ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili, hii haipitishi maji kama ile ya kawaida. Puti inakaa JUU ya epoksi, sio chini, na isizidi milimita 3 hivi. Mpangilio huo peke yake unabadilisha kila kitu.

Ikiwa ni shimo, hamna njia ya mkato. Gazeti, wavu, faiba juu ya kutu, vyote ni kufunika tu. Kata mpaka ufike kwenye bati zima, sugua na upande wa nyuma, weka kiraka cha bati la geji 20 au 22 na uchomelee kwa nukta nukta, moja huku moja kule, ukivuta mstari mmoja bati linajikunja kwa joto. Welding ya stiki inatoboa bati jembamba hili, tafuta mwenye mashine ya waya au gesi umpelekee kazi ya kuchomelea peke yake, mengine fanya wewe. Kabla ya cheche yoyote toa betri, toa kapeti, jua tenki la mafuta liko wapi na weka maji karibu. Kiraka cha bati la zinki kisugue zinki pale pa kuchomea, moshi wake unaumiza. Ila kama kutu iko kwenye chasisi, panaposhikia springi au panapofungwa mikanda ya usalama, hiyo sio kazi ya uani kwako, nenda kwa fundi mwenye uwezo.

Watu wengi wanasahau nyuma ya kiraka. Welding imeunguza kila kinga iliyokuwepo, hivyo pulizia nta ya bodi ndani mpaka ianze kutoka kwenye vile vitundu vya chini vya kutolea maji, alafu hakikisha vitundu vyenyewe havijaziba, kila mlango unavyo na vinaziba kwa matope au kwa ile lami nyeusi ya chini wanayopuliza hovyo. Oili chafu badala ya nta sikushauri, inalainisha bushi za raba na inadondoka kila unapopaki.

Mimi nilifanya Januari, kaskazi, kuanzia saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka. Upande wa kushoto nilioukata umeshapita masika mbili na nikipitisha kidole nyuma ya bati ni pakavu. Wa kulia bado una puti ya kwanza, juzi nimechokonoa bisibisi ikazama, nimeshanunua bati.