Uhakiki wa nakala: proksi inapouliza kabla ya kujibu

Proksi ya wavuti husimama kati ya kivinjari na seva asili, yaani kompyuta yenye tovuti yenyewe. Ikishaleta ukurasa au picha mara moja, hubaki na nakala ili mwombaji wa pili asingoje safari nzima. Tatizo ni kujua kama nakala hiyo bado inafaa kutolewa.

Mwenye kuamua ni seva asili, kupitia vichwa, yaani mistari ya maelezo inayoambatana na jibu. Cache-Control: max-age=600 maana yake nakala ni hai kwa sekunde 600. s-maxage hufanya kazi hiyohiyo, ila husikilizwa na kache (hifadhi za nakala) za pamoja tu, kama proksi, na kwao huipiku max-age.

Muda ukiisha, proksi hailazimiki kuitupa nakala. Inaweza kuihakiki. Kama jibu la kwanza lilikuja na ETag, yaani alama ya toleo, proksi huirudisha alama hiyo kwa seva ndani ya If-None-Match. Toleo likiwa ni lilelile, seva hujibu 304, msimbo wa "haijabadilika", bila kutuma faili, na nakala hupata uhai mpya. Kwa video ya megabaiti 50, hiyo ni tofauti kubwa sana. Pasipo ETag hutumika Last-Modified, yaani wakati faili ilipobadilishwa mwisho, ambao proksi huurudisha ndani ya If-Modified-Since, lakini wakati huo huhesabiwa kwa sekunde nzima, hivyo faili iliyobadilishwa mara mbili ndani ya sekunde moja inaweza kuponyoka.

Sasa no-cache, agizo jingine la Cache-Control, jina lililowapotosha wengi, nami nikiwemo. Halikatazi kuhifadhi. Linasema: hifadhi ukitaka, ila usitoe kabla ya kuhakiki. Anayetaka kisihifadhiwe chochote aandike no-store. Kurasa za mtu binafsi, kama akaunti yake, huwekewa private: kivinjari chake kinaruhusiwa kuhifadhi, proksi hapana.

Na seva ikikaa kimya kuhusu muda? RFC 9111 ya mwaka 2022, waraka wa kanuni za kache za wavuti, inairuhusu kache kukisia. Kisio la kawaida ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili ibadilishwe. Faili iliyotulia kwa siku 100 inaweza kuhesabiwa hai kwa siku 10 zaidi, na hapo ndipo mtu hubadilisha ukurasa wake na kushangaa wageni bado wanaona ule wa zamani. Heri kutaja muda mwenyewe.

Upande wa proksi nao una mitego yake. Kwenye nginx, programu inayotumika kama seva au proksi, mpangilio wa proxy_cache_revalidate huja ukiwa umezimwa: nakala ikiisha muda, faili huletwa upya yote hata kama seva ingeweza kujibu 304. Uwashe, kisha ongeza kwenye majibu kichwa chenye thamani ya $upstream_cache_status, inayoonyesha nakala ilivyoshughulikiwa. Omba faili ambayo muda wake umeisha na haijabadilika. Ukiona REVALIDATED badala ya EXPIRED, uhakiki umefanyika.