Pasi ya Treni Haikuhakikishii Kiti
Wengi wanaopanga safari yao ya kwanza ya Ulaya kutoka hapa Kisumu huamini kwamba ukishalipia pasi ya Eurail, yaani tiketi moja ya treni inayotumika katika nchi 33, utapanda treni yoyote kama unavyopanda matatu ya Kakamega pale stendi, mradi pana nafasi. Sivyo. Pasi hulipia safari, lakini kiti katika treni za kasi kama TGV za Ufaransa, Frecciarossa za Italia na Eurostar, pamoja na treni nyingi za usiku, huwekwa mapema na kulipiwa kando. Ujerumani kuna nafuu, kwa sababu katika treni nyingi za kasi za huko, ziitwazo ICE, unaingia na pasi yako tu.

Juzi dada mmoja wa chama chetu alinionyesha daftari lake: Paris, Milan, Roma, na safu ya gharama za viti ilikuwa tupu. Tuliijaza pamoja kwa kalamu nyekundu.

Gari la kukodi nalo, ukilichukua Italia na kulirudisha Austria, kwa kawaida hutozwa ada ya ziada ambayo mara nyingi ni kubwa. Ndiyo maana nilimsihi dada huyo, akikodi gari, alirudishe katika nchi alikolichukua, kisha avuke mpaka kwa treni.