Atomu si ule mchoro wa ubaoni

Mwezi wa saba hewa ya Dodoma hukauka mpaka midomo inapasuka. Usiku ukivua sweta ya nailoni gizani unasikia ta-ta-ta, na ukitazama vizuri unaona cheche za mwanga zinaruka mbele ya uso. Niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili zile cheche ni nini. Walijibu joto, vumbi, "umeme wa mwili". Hakuna aliyetaja elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi ndani ya atomu, na wiki hiyohiyo wote walikuwa wamechora atomu kwenye daftari: kiini katikati, miduara inakizunguka, nukta zimepangwa kwa rula.

Nafundisha kemia, na jambo hili linanisumbua kweli. Mchoro umechukua nafasi ya kitu chenyewe. Mtoto anakariri sentensi kwa Kiingereza ambayo hajawahi kuibishania kwa Kiswahili, anafaulu jaribio, halafu anabaki na atomu ambayo haipo popote duniani. Haya ndiyo makosa ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ninaposahihisha.

"Atomu ndiyo chembe ndogo kuliko zote, haigawanyiki"

Jina lenyewe linapotosha. Linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kisichokatika, na miaka kama 400 kabla ya Kristo Democritus alikuwa akifundisha kwamba vitu vyote vimeundwa na chembe za namna hiyo. Yeye aliwaza tu, hakupima kitu. Aliyeleta vipimo ni John Dalton, mwalimu wa Uingereza, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1808.

Hoja ya Dalton inaeleweka vizuri jikoni. Mkaa ni kaboni kwa sehemu kubwa. Ukiungua penye hewa ya kutosha hutoa kaboni dioksaidi. Ukiungua kwenye chumba kilichofungwa, hewa ikawa haba, hutoa pia kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. (Msilale na jiko la mkaa ndani kwa sababu ya baridi. Tafadhali.) Sasa tuzipime gesi hizi mbili kwa namba za leo: gramu 12 za kaboni huchukua gramu 16 za oksijeni kutengeneza monoksaidi, na gramu 32 kutengeneza dioksaidi. Ni mara mbili kamili. Hupati gesi ya tatu hapo katikati iliyochukua gramu 20 au 25. Kama oksijeni ingekuwa inamiminika kama uji, ungeweza kuongeza kidogo ukaishia popote. Inahesabika kama mayai: moja, mbili. Dalton aliona kwamba maana yake ni chembe.

Alipokosea ni kusema chembe hizo hazigawanyiki. Mwaka 1897 J. J. Thomson, akiwa Cambridge, alichunguza miale inayotoka kwenye bamba la metali ndani ya bomba la kioo lililotolewa karibu hewa yote. Miale ilipinda kwa sumaku na kwa umeme, na kila alipobadilisha metali au gesi alipata chembe ileile yenye chaji hasi, ndiyo elektroni. Ilikuwa nyepesi mno, na leo tunajua zinahitajika elektroni 1,836 hivi kufikia uzito wa protoni moja, ile chembe ya chaji chanya iliyo kwenye kiini. Kwa hiyo atomu ina vitu ndani yake. Kilichobaki kuwa kweli, na ndicho napenda mtoto akiandike, ni kwamba ukiivunja atomu ya dhahabu, vipande utakavyopata si dhahabu tena.

"Ukisugua vitu viwili unatengeneza chaji"

Turudi kwenye sweta. Hakuna chaji iliyotengenezwa pale. Elektroni zilikuwepo tangu mwanzo, na mguso na msuguano umezihamisha kutoka kitambaa kimoja kwenda kingine au kwenye mwili wako. Upande uliopoteza umebaki na chaji chanya kwa sababu protoni zake hazikuondoka. Protoni zimefungwa kwenye kiini, na sweta haiwezi kuzing'oa. Masika hewa ina unyevu, chaji inavuja polepole nawe huoni kitu. Kiangazi haina pa kuvujia kwa urahisi, inajikusanya, kisha inaruka kwa mpigo. Wanafunzi wangu wanaona elektroni zikifanya kazi kila usiku wa kipupwe bila kuzitambua.

"Atomu imejaa, kama punje"

Hata Thomson aliamini hivyo: chaji chanya imetandazwa kote, elektroni zimechomekwa ndani yake kama zabibu kavu kwenye keki. Lilikuwa wazo la busara kwa alichokijua.

Mwaka 1909 huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 20 tu, walifanya kazi waliyopangiwa na Ernest Rutherford. Walirusha chembe za alfa (chembe nzito zenye chaji chanya, zinazorushwa na atomu zinazooza) kwenye mabamba membamba ya metali, dhahabu ikiwemo, wakakaa gizani na hadubini wakihesabu vimulimuli vya mwanga kila chembe ilipogonga kiwambo, kimoja kimoja. Karibu chembe zote zilipita kama hapakuwa na kitu. Lakini chache ziligeuka nyuma. Kwa bamba la platini ilikuwa takriban 1 kati ya 8,000. Keki haiwezi kumrudisha mgeni mzito mwenye kasi namna hiyo. Mwaka 1911 Rutherford akatoa hitimisho: chaji chanya yote na karibu uzito wote wa atomu vimebanwa mahali padogo mno katikati.

Padogo kiasi gani? Weka punje ya mtama ya milimita 4 katikati ya Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, pale mpira unapoanzia. Hiyo iwe kiini cha atomu ya dhahabu. Basi atomu nzima ingekuwa na upana wa mita kama 80, imevuka mistari yote miwili ya pembeni. Karibu uzito wote uko kwenye punje, na eneo lote lililobaki ni la elektroni 79. Nimewapeleka wanafunzi kwenye kiwanja chetu cha mpira wakasimama pembeni wakiitafuta ile punje kwa macho. Hawakuiona. Hakuna mchoro wa kitabuni unaoweza kuonyesha hilo, kwani kiini kingechorwa kwa kipimo chake kisingeonekana kwenye ukurasa.

Swali hufuata papo hapo: mbona basi mkono haupenyi mezani? Kwa sababu elektroni za mkono na za meza zinasukumana, na zaidi ya hapo elektroni mbili haziruhusiwi kukaa katika hali moja ileile. Kanuni hiyo ya pili ni ya Wolfgang Pauli, 1925.

"Elektroni huzunguka kiini kama sayari na jua"

Hili ndilo gumu kuling'oa, maana linapendeza. Tatizo lake lilijulikana mapema: chaji inayozunguka inapaswa kupoteza nishati kwa kutoa mwanga, na elektroni ingeangukia kwenye kiini kufumba na kufumbua. Mwaka 1913 Niels Bohr aliweka sharti kwamba elektroni inaruhusiwa nishati fulani fulani tu, na akaeleza vizuri rangi za mwanga wa haidrojeni. Kwenye atomu zenye elektroni nyingi hesabu zake zilikwama. Kuanzia 1926, kwa mlinganyo wa Erwin Schrödinger, njia ya duara iliachwa kabisa. Tunachoweza kusema ni wapi elektroni ina uwezekano mkubwa wa kukutwa, na eneo hilo lina umbo la wingu, wala si reli. Ile miduara ya daftarini ni daftari la hesabu za nishati: ngazi hii elektroni 2, inayofuata 8. Ichore, itumie, ila usidhani umeiona atomu.

"Klorini ina nyutroni 18.5"

Hili naliona kila mwaka. Mtoto anachukua 35.5, uzito wa atomu ya klorini kwenye jedwali, anatoa protoni 17, anaandika 18.5 bila kushtuka. Nyutroni, chembe ya kiini isiyo na chaji aliyoigundua James Chadwick mwaka 1932, haikatwi nusu. Asilimia kama 76 ya klorini iliyo kwenye chumvi yako ya mezani ina nyutroni 18, na asilimia kama 24 ina 20. Ile 35.5 ni wastani tu wa uzito wa aina hizo mbili.

"Penye atomu pana bomu"

Bahi, na ng'ambo Manyoni mkoani Singida, kumefanyika utafutaji wa urani, na watu wanaulizana kama ardhi yao inaweza kulipuka. Haiwezi. Asilimia 0.7 tu ya urani ya asili ni ile aina ya 235 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni zake) inayotumika kwenye mabomu, na huko ardhini imetawanyika mno. Iliyobaki karibu yote ni 238, ambayo nusu yake huoza kwa miaka bilioni 4.5. La kuangalia ni jingine: vumbi likiingia mapafuni, na maji ya kunywa, maana urani ni metali nzito inayodhuru figo. Urani hutoa chembe za alfa, lakini nje ya mwili alfa haivuki hata karatasi.

Binti mmoja ambaye kwao wanalima mpunga Bahi aliniuliza hizo alfa ni zilezile za Rutherford? Ndizo. Walizotumia Manchester zilitoka kwenye gesi ya radoni, inayozaliwa na radiamu, nayo radiamu inazaliwa na urani. Akauliza tena kama zinaweza kuhesabiwa kwao bila kukaa gizani na hadubini. Nikamwambia ndiyo, kuna kifaa kinacholia tiki kila chembe inapoingia, na kinaitwa kwa jina la yule Geiger.