Kwa nini jerania hufichwa kwenye baridi ili isiuawe na baridi?

Ukipita mitaa ya Ujerumani mwezi wa Julai utaona roshani zimefunikwa na maua mekundu na ya waridi. Mengi ni jerania. Ikifika Oktoba wenyewe huziingiza ndani. Mgeni kutoka kwetu atadhani zinapelekwa sebuleni, kando ya hita. Wapi! Zinateremshwa stoo ya chini ya nyumba, kwenye nyuzijoto 5 hadi 10 hivi, na maji zinapewa kwa tone.

Jerania si mzaliwa wa Ulaya. Kwao ni Afrika Kusini, na wazungu walianza kuisafirisha kwa meli miaka ya 1600. (Wataalamu huiita Pelargonium tangu 1789, lakini jina la zamani limekataa kutoka.) Miti ya Ulaya hujiandaa mapema kwa jalidi, yaani baridi ya kugandisha maji, jerania haijui hayo. Shina lake ni nene, limejaa maji. Usiku wa jalidi, barafu huanza kujijenga kati ya seli na seli, inazinyonya maji na kuchana tando zinazozifunika. Asubuhi jua likipiga, majani yamelegea, rangi imekuwa nzito, kama mchicha uliotoka kwenye maji ya moto.

Basi kwa nini isikae sebuleni? Tatizo la sebuleni ni mwanga. Mchana wa Berlin mwezi wa Desemba una urefu wa saa 8 hivi tu, na jua lenyewe liko chini. Mmea hutengeneza sukari kidogo sana, huku joto la hita likiulazimisha kupumua haraka na kuichoma hiyo hiyo. Ni nyumba ambayo mshahara umekatwa nusu lakini inapika pilau kila siku. Jerania inarefuka, inapauka, inakuwa na vishina kama uzi, na vidukari huvipenda mno. Ubaridi wa stoo hupunguza matumizi hadi yalingane na kipato.

Wengine huing'oa kabisa, wakakung'uta udongo, wakaining'iniza kichwa chini. Ukiiona Januari utaapa imekufa. Ikifika Machi, kwangua ganda la shina kwa ukucha: kukiwa na kijani chini yake, ingali hai. Inapogolewa, inapewa udongo mpya na dirisha lenye mwanga. Nje haitolewi mpaka zipite siku ambazo Wajerumani huziita Eisheilige, Mei 11 hadi 15, kwa kuhofia jalidi ya mwisho.

Wengi hawana subira hiyo wala stoo. Hutupa na kununua nyingine. Na hizo nyingine, nyingi zilianza kama vipandikizi visivyo na mizizi, vilivyokatwa kwenye mashamba ya Kenya, Uganda au Ethiopia wakati Ulaya iko gizani, vikapandishwa ndege. Huku kwetu mchana una urefu wa saa 12 hivi, Desemba kama Juni, na jerania haina sababu ya kulala.